Koneksheni moja, nyuzi sita: aliyetuandikia programu ya mizani ametuumiza

Wakuu, salaam. Nikitukana humu mnisamehe, nimelala saa mbili tu. Ndiyo, ni uzi kuhusu nyuzi. Chekeni kwanza, tuendelee.

Naangalia mfumo wa kupokea mzigo wa dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mizani iko sita, kila mmoja na karani wake na kimashine cha risiti. Programu iliandikwa na kampuni moja ambayo siitaji. Imeandikwa kwa Python, databesi ni MySQL, na kila mzani una uzi wake (thread, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine) ndani ya programu. Hapo sina ugomvi.

Juzi alfajiri mama mmoja kashusha magunia 42 kutoka Ukara. Saa nne kaja kuchukua hela yake, mfumo unasema 31. Risiti ya 42 anayo, kaifunga kwenye pindo la kanga, na imetoka kwenye mashine yetu wenyewe. Karani akaanza kumtazama mama kama tapeli, mama naye akamtazama karani hivyo hivyo. Nikaitwa mimi niseme nani mwongo.

Usiku nikafungua programu. Faili la kwanza tu: koneksheni (njia ya programu kuongea na databesi) moja, inafunguliwa programu ikiwaka, nyuzi zote sita zinajichotea humo humo!

Chukulia makarani sita wanaandika kwenye daftari moja, na sheria ni kwamba ukikosea unachana ukurasa. Mmoja kakosea, kachana. Walichoandika wenzake kwenye ukurasa ule kimekwenda nacho.

Ndicho kilichotokea. Muamala (kundi la amri zinazohifadhiwa au kufutwa kwa pamoja) ni wa koneksheni, si wa uzi. Magunia 31 ya mama yalikuwa yameshahifadhiwa. Mzani wa 2 ukaingiza 11 yaliyobaki, haujafanya komiti (kuhifadhi kabisa) bado. Hapo hapo karani wa mzani wa 5 kaingiza namba ya risiti iliyokwisha kutumika, databesi ikakataa, na uzi wake ukafanya rolibaki (kufuta yote ambayo hayajahifadhiwa), kama inavyopaswa. Rolibaki ile ikazoa na magunia 11 ya watu. Kufumba na kufumbua mzani wa 2 nao unafanya komiti, unajibiwa sawa, maana kosa halipo: hakuna kilichobaki cha kuhifadhi. Risiti hiyoo, inatoka.

Nikampigia kijana aliyeandika. "Mkuu, mbona niliweka kufuli?" Kweli kaweka, na ndilo lililonipandisha presha kabisa. Mwanzoni mfumo ulikuwa unalia kila siku kwamba pakiti hazifuatani, kwa sababu nyuzi mbili zilikuwa zinaongea kwa wakati mmoja kwenye waya mmoja. Yeye kafunga kila amri kwa kufuli, nyuzi zipite kwa zamu, kelele zikaisha, akasema kamaliza. Lakini kufuli lake linafunguka baada ya kila amri moja, muamala ukiwa bado katikati! Kamziba mbwa mdomo, mwizi kaendelea kuingia.

Nikamuuliza kwa nini asiipe kila uzi koneksheni yake. Eti anabana matumizi. Jamani, MySQL bila kuguswa mpangilio wowote inapokea koneksheni 151. Sisi tuna mizani sita.

Na wala si siri ya wakubwa. PEP 249, mwongozo wa moduli za databesi kwenye Python (vipande vya programu vya kuongea na databesi), unataka kila moduli itangaze kiwango chake cha usalama wa nyuzi, 0 mpaka 3. PyMySQL, moduli aliyoitumia kijana, imejiandika 1: nyuzi zinaweza kutumia moduli pamoja, koneksheni hapana. Ni tarakimu moja tu ya kusoma!

Nimeshaipa kila uzi koneksheni yake, mistari haifiki kumi. Ukiwa na nyuzi nyingi kuliko sisi tumia puli (akiba ya koneksheni zilizo tayari): uzi unaazima koneksheni, unamaliza muamala wake wote, ndipo unairudisha.

Kinachoniuma ni ya nyuma. Nilikimbilia binlogi (kumbukumbu ya mabadiliko ya databesi) nikidhani nitayakuta magunia yaliyopotea, nikakumbuka muamala uliopigwa rolibaki hauandikwi humo. Kwa hiyo ushahidi uliobaki ni vile vikaratasi vya risiti vilivyoko kwa wateja, na maandishi yake yanafifia. Mama wa Ukara tumemlipa kwa kuchangishana ofisini. Wengine waliotupa risiti zao je?

Kampuni nayo jana imetuma ankara ya matengenezo ya mwezi.

Nawasilisha.