Naomba ushauri: shemeji amekuja na mashine ya kutafutia sarafu za kale, je, inafaa kuitumia bustanini?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Shemeji yangu anayeishi Uingereza amekuja likizo na mashine ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa ardhini, ile yenye sahani ya mviringo inayopitishwa juu ya majani, na kwa kuwa huko anakoishi huitumia kila Jumapili, alitaka kuijaribu na hapa Unguja. Juzi alfajiri tulikwenda kwenye bustani moja ya wazi pembezoni mwa Mji Mkongwe. Kwa muda wa saa nzima hatukupata ila vizibo vya soda, misumari na kufuli bovu. Halafu mashine ikalia sauti nyembamba isiyokatika, na nilipofukua chini ya ukoka kwa kijiko cha jikoni, kina cha kiganja hivi, nikatoa pesa ya shaba iliyofanya ukijani, upande mmoja ina picha ya mizani na upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu. Hapo ndipo mlinzi alipotutimua, na haya niliyoiona si ndogo, kwani ananifahamu tangu skuli.

Naomba kujua kama tumefanya kosa, na pesa hii niifanye nini. Mama anasema niisugue kwa ndimu na majivu. Shemeji anataka kuondoka nayo Ijumaa.

Mkaazi wa Kikwajuni anajibu:

Waalaykumu ssalaam. Mama aheshimiwe, lakini katika hili la ndimu usimsikilize. Ule ukijani ni ngozi ya shaba iliyokaa ardhini miaka mingi; ndimu itaila pamoja na herufi zilizobaki, na utabaki na kipande chekundu kinachong'ara kisichosomeka. Iache na udongo wake, usiioshe.

Hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Tazama tarakimu za Kiarabu: ukiona 1299, hiyo ni hijria, sawa na 1882 hivi, ukiona 1304, ni karibu na 1887. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, kwa hiyo aliyeidondosha huenda hata hakuinama kuitafuta.

Mstaafu wa Mambo ya Kale

Ndugu yangu, mlinzi alikuwa na haki, ingawa maneno yake yangeweza kuwa laini zaidi. Kumiliki mashine ni jambo moja na kufukua ni jambo jingine. Mambo ya kale hapa kwetu yanasimamiwa na sheria za Zanzibar yenyewe, ambazo asili yake ni dikrii (amri ya kisheria) ya 1927, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, hivyo hakuna bustani ya pale unayoweza kuichimba kwa ridhaa ya nafsi yako. Mkumbushe shemeji kwamba hata huko Uingereza mtu hatakiwi kutafuta katika ardhi ya mwenzake bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Pesa hiyo isipande ndege. Ipelekeni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na muandike mahali ilipotoka na kina chake.

Fundi Redio, Darajani

Nadhani bustani muiache, mwende ufukweni. Ila mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, kwa hiyo mashine nyingi za bei nafuu hulia ovyo pale, na shemeji ataona sahani imeharibika kumbe ni bahari.

Mpemba wa Mtambwe

Kaka fundi, ufukwe nao una wenyewe. Hapa kwetu Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, ndogo kama magamba ya samaki, zenye majina ya watawala wa mwambao wetu lakini hazina mwaka hata mmoja. Zilizowasaidia kukisia wakati wake ni dinari chache za dhahabu, za karne ya 11, zilizokuwa zimelala pamoja nazo. Sasa fikirini angepita mtu na mashine usiku, akazichukua dinari na kuziacha zile ndogo, au akazigawa kwa wanunuzi wawili: tungejuaje lini Ali bin al-Hassan, mmoja wa watawala hao, alipiga fedha yake? Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza, lile shimo lako lina thamani kuliko pesa yenyewe. Unalikumbuka lilipo?

Mwenye uzi (aliyeuliza)

Ahsanteni sana, nimefahamu. Nilirudi jioni nikamtaka radhi mlinzi, na yeye mwenyewe akanishikia ncha ya kamba tukapima: hatua tisa kutoka shina la mkungu, upande wa baharini. Ukoka nimeurudishia. Tarakimu zinasomeka 1299. Shemeji alinuna mpaka magharibi, kisha akaniomba twende sote idarani kesho asubuhi. Pesa imo ndani ya kibiriti kitupu juu ya kabati, na ndimu alizokata mama zimeingia kwenye mchuzi wa changu.