Maua ya harusi Kigoma: mawaridi ya Arusha, ya kitambaa, au ya hapa kwetu?

DadaWaMwanga
Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu anafunga ndoa hapa Kigoma, Jumamosi ya pili ya Septemba. Kamati imenikabidhi maua yote: shada la bibi harusi, mashada madogo ya wasimamizi wawili, maua ya kifuani ya bwana harusi na wazazi, na ukumbi. Ibada ni saa 8 mchana, kisha picha ufukweni Bangwe, ukumbini saa 1 usiku. Maana yake shada linatoka nyumbani saa 7 mchana na bado linatakiwa kupendeza wakati wa kukata keki. Na Septemba ya kwetu mnaijua, mvua bado haijashuka na jua halina huruma.

Tumebaki na njia tatu. Mawaridi meupe kutoka Arusha kwa basi (au Dar kwa ndege, bei ikiruhusu). Maua ya kitambaa, ambayo mpambaji wa ukumbi anayo tayari. Au maua yanayoota hapa hapa. Mama anataka mawaridi. Bibi harusi hataki kabisa kusikia kitambaa, anasema ua lisilo na harufu hawezi kulishika siku ile. Mimi ninachoogopa ni kufungua boksi Ijumaa nikakuta maua yamekufa. Waliopitia hili naomba mnieleze.

FundiMaua_Tabora
Hongera dada. Huu mwaka wa tisa nafunga mashada hapa Isevya, kwa hiyo nikuambie ninayoyajua kwa mikono.

Mawaridi yanafika. Kinachoyaua ni kiu na joto kuliko umbali. Yale ya Arusha hukatwa yakiwa yamefumba, na mengi ya mashamba ya kule husafirishwa hadi Ulaya yakiwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yanayokwenda Ulaya hutunzwa kwenye ubaridi, nyuzi 2 hadi 5 hivi, ambapo ua ni kama limelala. Kwenye buti la basi hakuna ubaridi huo. Mimi yananifikia kwa Babati, Singida, Nzega; wewe ongeza Urambo, Kaliua na Uvinza. Kwa hiyo mwambie anayefunga mzigo avizungushie vikonyo magazeti yenye unyevu, lakini vichwa viwe vikavu, maana kichwa kikilowa ndani ya boksi kinashika ukungu. Boksi litobolewe matundu. Na umpigie kondakta simu mwenyewe, umwombe lisikae karibu na injini.

Yafike Alhamisi. Usikubali Ijumaa. Waridi lililofumba linahitaji siku moja au mbili ndani ya maji ndipo lifunguke vizuri, na pia unapata muda wa kuyaokoa yaliyochoka.

Sasa namna ya kuyaokoa, maana hapa ndipo watu wanapotupa maua mazima. Utaona waridi limeinamisha shingo ingawa ndoo imejaa. Hewa imeingia kwenye kikonyo, maji hayapandi. Kata upya mshazari, sentimita 2 au 3, kikonyo kikiwa chini ya maji. Kisha yafunge mawaridi kwa gazeti yasimame wima, yazamishe kwenye maji ya uvuguvugu hadi karibu na vichwa, uyaache kivulini saa 2 au 3. Mengi yanainuka. Ndoo uisugue kwa jiki kabla ya kuitumia, na majani yote yatakayozama uyaondoe. Maji ya kuyakalisha: kila lita 1, kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki. Usiweke sukari bila jiki, utakuwa unawalisha bakteria, na hao ndio wanaoziba kikonyo.

MamaKasulu
Naongezea la friji, kwa sababu liliniumiza sana kwenye harusi ya binti yangu. Shada lilifungwa Ijumaa jioni, zuri kweli, mawaridi yamechanganywa na karnesheni. Tukaliweka kwenye friji ya nyumbani. Chini yake kulikuwa na ndizi mbivu na maembe ya wageni. Asubuhi karnesheni zimejikunja kama zimeungua, na mawaridi yanapukutisha petali ukiyagusa tu. Nililia.

Baadaye fundi mmoja akanieleza kwamba matunda yanayoiva hutoa gesi, ile ile inayoivisha ndizi zikifunikwa pamoja, na maua yakiivuta huzeeka kwa usiku mmoja. Karnesheni ndiyo haiivumilii kabisa. Kwa hiyo friji iwe tupu, hakuna tunda hata moja, na shada lisiguse ukuta wa nyuma wala kukaa jirani na barafu. Kama friji haipo, chumba chenye sakafu ya saruji, pazia limefungwa, ndoo ya maji. Inatosha.

KakaKatubuka
Mimi nitatetea kitambaa, maana naona kinasemwa vibaya kabla ya kusikilizwa. Mke wangu alishika shada la kitambaa mwaka juzi. Tulilipata wiki tatu kabla, akalijaribu na gauni, fundi akarekebisha, siku ya harusi hakuna aliyekuwa na presha ya ndoo wala basi. Mpaka leo liko sebuleni. Dada, ukihesabu mawaridi, nauli ya mzigo na hofu yenyewe, kitambaa ni nafuu.

Ila nunueni jipya. Ya kuazima yamezunguka kumbi nyingi, meupe yamegeuka rangi ya maziwa, na gundi ikipata joto la mchana petali zinalegea.

DadaWaMwanga
Ahsante kaka, nimekusikia, na nilimsomea bibi harusi maneno yako yote. Jibu lake ni lile lile. Kwa ukumbi amekubali, kwa mkononi hapana.

FundiMaua, na maua ya hapa je? Nyumbani tuna bogenvilia imejaa ukuta mzima, nyeupe na zambarau.

FundiMaua_Tabora
Bogenvilia usiishike mkononi dada. Ikikatwa inalegea mapema, na kwenye upepo wa ziwa pale Bangwe itapukutika. Ipambe getini asubuhi hiyo hiyo, hapo inapendeza mno. Haibiskasi ndiyo usiiguse kabisa, jioni inajifunga. Hata majani mapya ya miyombo, yale mekundu ya mwezi huo yanayotutamanisha wote, ni machanga, yanasinyaa kabla hujamaliza kuyafunga.

Kama kuna mtu anakuja kutoka Dar au Arusha, mwagize krisanthemu nyeupe na vile vimaua vidogo vya jipsofila. Krisanthemu inavumilia joto na safari kuliko waridi, na jipsofila hata ikikauka hubaki na sura yake. Mawaridi 12 katikati, krisanthemu pembeni, shada linajaa. Maua 40 yote ya waridi ni uzito tu. Mdogo wako ana urefu gani? Kama ni mfupi, shada la duara, lisipite upana wa kiuno chake. La kumwagika chini linataka mtu mrefu.

Yungiyungi kubwa jeupe likiletwa, ng'oa vile vijiti vya chavua ua linapoanza kufunguka. Chavua ikigusa gauni haitoki.

MchikichiMrefu
Jamani Kigoma tuna michikichi halafu tunaulizana ukumbi upambwe na nini? Matawi yake yakikatwa Ijumaa asubuhi yanasimama mpaka Jumapili bila maji. Simika manne manne kila upande wa steji, yapindwe juu yakutane kama upinde, taa ziwe chini yake. Wazee wetu walipamba hivi muda mrefu kabla ya vitambaa vya satini. Chunga miiba kwenye shina la tawi, vijana wavae glovu. Hela ya maua ya ukumbi yote ihamie kwenye shada.

BintiUjiji
Dada yangu, bibi harusi ametaja harufu na naona hakuna aliyemjibu. Mawaridi mengi ya kibiashara hayana harufu ya maana, yamezalishwa ili yakae na yasafiri. Harufu iko Ujiji. Bibi yangu ana mti wa asumini uani na rehani kando ya jiko, na kila harusi ya ukoo tunafunga kikuba: asumini, rehani, na mlangilangi ukipatikana.

Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, unaitunga kwa uzi, unaifunika kwa kitambaa chenye unyevu, nayo inafunguka yenyewe usiku. Kwa hiyo haifai kwa ibada ya saa 8. Inafaa kwa ukumbini. Mvalishe kwenye nywele au kifuani anapobadilisha gauni. Na kama mama atauliza kwa nini si mawaridi, mwambie hata Victoria, malkia wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1840 kichwani alivaa maua ya mchungwa.

DadaWaMwanga
Nimekaa na mama na mdogo wangu tangu jana. Tumekubaliana hivi: mawaridi 20 na krisanthemu kutoka Arusha, yafike Alhamisi, 12 ya shada, mengine ya wasimamizi na ya kifuani, na yanayobaki ni akiba ya yatakayochoka. Ukumbi ni michikichi, na kitambaa cha mpambaji kwenye meza ya keki peke yake. Friji ya jirani tumeshaiomba, anaimaliza vyakula Jumatano.

BintiUjiji, bibi yako atakubali tuje Jumamosi jioni?

BintiUjiji
Nimemuuliza. Anasema mje saa 10, jua likishalegea, na mje na uzi mweupe wa pamba, wa nailoni unakata vikonyo. Atamfunga yeye mwenyewe.