Mrithi wa kipindi cha usiku aahidiwe kiti mapema? Mfano wa Leno na Conan

Mtayarishaji wa Forest (Mbeya):
Habari za jioni wanajukwaa. Ninatayarisha vipindi katika redio moja ya hapa Mbeya, ambayo naomba nisiitaje. Kipindi chetu cha saa nne usiku kina mtangazaji ambaye wasikilizaji wa kuanzia Tunduma hadi Makambako humtambua kabla hajajitambulisha. Kijana anayemsaidia ameanza kupigiwa simu na vituo vya Dar es Salaam, na uongozi, kwa kuogopa kumpoteza, unataka kumpa barua ya kumwahidi kwamba kiti kitakuwa chake baada ya miaka mitatu. Mzee mwenyewe hajaulizwa.

Katika kikao, mmoja wa viongozi wetu aliutetea mpango huo kwa hoja kwamba hata Wamarekani walimwahidi mchekeshaji Conan O'Brien kiti cha mwenzake Jay Leno, mwendeshaji wa kipindi cha usiku cha televisheni, kwa namna hiyohiyo. Ninachojua ni kwamba jambo lile liliishia pabaya. Naomba anayelifahamu vizuri anieleze: tatizo lilikuwa kuahidi mapema, au lilikuwa kwingine?

Mwalimu Mstaafu (Iringa):
Kamwene ndugu Mtayarishaji. Kiongozi wenu amesimulia nusu ya kwanza tu. Mwaka 2004 NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, waliogopa kwamba Conan, aliyekuwa akiendesha kipindi kinachofuata baada ya cha Leno, angechukuliwa na kituo kingine, wakamwahidi kipindi cha Leno, The Tonight Show, ifikapo mwaka 2009. Miaka mitano ilionekana mbali sana, na nadhani kila mmoja pale ofisini alitumaini kwamba ikifika, Leno atakuwa amechoka au watazamaji watakuwa wamemchoka. Halikutokea hata moja kati ya hayo mawili. Mwaka 2009 ulipowadia, Leno alikuwa bado anaongoza kwa watazamaji, na hofu ikageuka upande wa pili: sasa yeye ndiye angeweza kwenda kwa washindani.

Basi wakataka kuwabakiza wote wawili. Conan alianza tarehe 1 Juni 2009, na Septemba Leno akapewa kipindi kipya cha saa nne usiku, siku zote tano za kazi. Hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa redio atalielewa haraka. NBC hurushwa na vituo vingi vya mikoani ambavyo vina wenyewe, na vituo hivyo hutegemea sana matangazo ya biashara yanayowekwa kwenye taarifa yao ya habari ya saa tano usiku. Zamani saa nne ilikuwa ya tamthilia, ambazo ziliwaachia habari watazamaji wengi. Leno alipowekwa hapo, watu walihama mapema, habari zikakosa watazamaji, na kipindi cha Conan kilichofuata baada ya habari nacho kikapokea mabaki. Vituo vya mikoani vikaja juu.

Januari 2010 NBC walipendekeza Leno arudi saa tano na dakika 35 kwa nusu saa, na Conan asogezwe hadi saa sita na dakika tano. Conan alikataa kwa barua ya wazi, akieleza kwamba kipindi chenye jina la usiku wa leo kikianza baada ya usiku wa manane kinakuwa kitu kingine. Aliondoka tarehe 22 Januari, baada ya miezi saba na ushee tu kitini, kwa makubaliano ya malipo ya takriban dola milioni 45, sehemu yake ikienda kwa wafanyakazi wake, ambao wengi wao walikuwa wamehamisha familia kutoka New York hadi Los Angeles kwa ajili ya ahadi ile. Leno alirejea kitini Machi mosi.

Kwa maoni yangu, kuahidi mapema hakukuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kumwahidi mmoja kiti bila kuamua mwenye kiti aende wapi.

Msikilizaji wa Tukuyu:
Naafikiana na Mwalimu, ila ningeongeza kwamba hata kunyamaza hakuleti amani, na ushahidi ni miaka ya mwanzo ya 1990. Johnny Carson alikalia kiti hicho tangu Oktoba 1962 hadi Mei 22, 1992. Mwenyewe ndiye aliyetangaza, mwaka mmoja kabla, kwamba anaondoka. David Letterman alikuwa akiendesha kipindi kinachofuata baada ya cha Carson tangu mwaka 1982, na wengi walimhesabu kuwa mrithi bila kuwapo ahadi. NBC wakamchagua Leno, aliyekuwa akimshikia Carson nafasi siku asizokuwapo.

Yaliyofuata ni aibu tupu. Helen Kushnick, meneja wa Leno aliyekuwa pia mtayarishaji mkuu wa kipindi, aligombana na watu kwa kuwabana wageni wasionekane kwa washindani, akafukuzwa miezi michache baadaye. Ulipozuka mjadala iwapo kiti apewe Letterman, Leno alijificha katika chumba kidogo akasikiliza kikao cha mabosi kilichokuwa kikifanyika kwa simu. Mwenyewe alikiri baadaye. Fikirieni nyota wa taifa, kalamu na karatasi mkononi, akinukuu wanaomjadili! Letterman alihamia CBS, washindani wa NBC, Agosti 1993, akamzidi Leno kwa watazamaji kwa karibu miaka miwili, hadi Julai 1995, Leno alipomhoji Hugh Grant baada ya mwigizaji huyo kukamatwa na polisi. Carson alijitokeza kwa Letterman na hata kumtumia vichekesho, lakini kwa Leno hakukanyaga.

Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nawalaumu fahali kidogo tu, kwa sababu zizi lina mwenyewe, na ndiye aliyewaingiza wote wawili akafunga mlango.

Mama wa Mafinga:
Msimsahau Joan Rivers. Alikuwa mshika nafasi wa kudumu wa Carson tangu mwaka 1983, na mwaka 1986 akachukua kipindi chake mwenyewe kwenye televisheni ya Fox. Carson hakuisikia habari hiyo kwanza kutoka kinywani mwa Rivers, akakata mazungumzo naye hadi yeye Carson alipofariki mwaka 2005. Fox nao walimwondoa Mei 1987. Kwa hiyo ndugu Mtayarishaji, mzee aambiwe kabla ya kijana kupewa barua. Akisikia katika korido za ofisini, hata mpango mzuri atauona kuwa njama, na mimi nisingemlaumu.

Mtayarishaji wa Forest (Mbeya):
Ndaga fijo kwa wote. Mwalimu, swali moja tu: je, mkataba wa Conan haukumlinda? Na yapo makabidhiano yaliyokwenda salama?

Mwalimu Mstaafu (Iringa):
Iliripotiwa sana kwamba mkataba ulimhakikishia kipindi lakini haukutaja saa, ndiyo maana NBC waliona wanaweza kukisogeza. Nadhani hicho ndicho kifungu cha kuangalia.

Makabidhiano salama yapo. Letterman alitangaza mwenyewe Aprili 2014 kwamba anastaafu, na wiki iliyofuata CBS wakamtaja Stephen Colbert, ambaye alianza Septemba 2015. Leno naye alimwachia Jimmy Fallon Februari 2014, baada ya tangazo la mwaka uliotangulia, na safari hiyo hakutafutiwa kijisaa cha kumbembeleza katika kituo hichohicho. Sisemi alifurahi, maana bado alikuwa anaongoza, lakini Fallon aliingia kitini bila mtu nyuma yake.

Mtayarishaji wa Forest (Mbeya):
Nimeisoma rasimu ya barua leo mchana. Imeandikwa "kipindi cha usiku" bila saa. Aya ya mwisho inasema mzee atapewa kipindi maalumu cha saa tatu usiku, kila siku ya kazi, mara tu kijana atakapoanza. Nimeomba nafasi ya kumwona mkurugenzi Jumatatu kabla hajatia sahihi, na nimeomba mzee naye awepo.