Benzi C200 ya 2011, usajili wa Tanzania namba D, muuzaji anataka milioni 24: inalipa?

Kisiki_Mbichi: Wakuu, naomba ushauri. Kuna Mercedes-Benz C200 (W204, jina la umbo hilo la C-Class) ya 2011, nyeupe, ilitoka Japani, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Nyuma ina beji ya C200 na nyingine ya AMG, ile ya Benzi za mbio. Nataka kuitumia miaka 2 kisha niiuze bila kupigwa sana. Nikague nini?

Spana_Kumi: Beji zinauzwa kama stika, usizisome. Soma namba ya chasisi. Baada ya WDD kuna tarakimu sita: 204048 ni C200 CGI, 204049 ni C180 CGI. Injini zote mbili ni M271 ya tabo, cc 1,796, ila C200 ina farasi 184 na C180 ina 156. Ukibambikiwa C180 kwa bei ya C200, utaumbuka siku ya kuuza.

Halafu 2011 ni mwaka wa mchanganyiko. Kama skrini inainuka kutoka ndani ya dashibodi, hilo ni toleo la mwanzo, giaboksi ya gia 5. Skrini ikiwa imejengewa palepale, ni toleo jipya la gia 7. Kwa kuuza, tafuta hilo la pili.

Mzee_wa_Cheni: Yote sawa, lakini ugonjwa wa M271 ni cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti (shafti zinazofungua valvu). Nenda saa 12 asubuhi, gusa boneti, iwe ya baridi kabisa. Washa, tega sikio mbele ya injini. Ukisikia mchakacho kama sarafu kwenye kopo kwa sekunde 2 au 3 kisha ukanyamaza, cheni imevutika au meno ya gia za kemshafti yamelika. Siku ikiruka jino, valvu zinagonga pistoni, unatafuta injini nyingine. Na usikubali abadilishiwe cheni peke yake: gia zote mbili na kikaza cheni viende pamoja, la sivyo meno yaliyolika yatakula cheni mpya.

Hapo hapo chomoa plagi za waya za sumaku mbili za kemshafti, mbele juu ya injini. Ndani zikiwa na oili, ujue inapanda kwenye waya kuelekea kompyuta ya injini.

Chumvi_Nyingi: Muulize karatasi ya mnada ya Japani. Daraja R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za dashibodi. Pedali ya breki iliyolika haifanani na 78,000. Pandisha gari juu, gonga sabufremu ya nyuma (fremu inayoshika miguu ya nyuma) kwa nyundo ndogo. W204 zinaoza hapo, hasa zilizotembea mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani.

Spana_Kumi: Nimesahau ufunguo. Uchomeke na kuuchomoa mara 10, kila mara usikie loki ya usukani ikilia krrr. Siku moja ikigoma, haiwaki hata kidogo, unaita breakdown. Na funguo ziwe 2.

Kisiki_Mbichi: Asanteni. Na sokoni?

Dalali_Mstaafu: Usiipigie hesabu za Toyota Harrier. Mwenye hela ya Benzi anataka W205, C-Class iliyofuata, asiye nayo anaogopa spea. Itakaa yadi, na kila wiki bei inashuka. Kinachokuokoa ni karatasi: kadi ya gari yenye jina la huyo anayekuuzia, siyo mikataba ya kuuziana iliyopita kwa watu watatu, na risiti za cheni na oili ya giaboksi. Angalia pia madeni ya trafiki na ya parking ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), yanaifuata namba ya gari. Kama cheni haijaguswa, toa gharama yake yote kwenye hiyo milioni 24 kabla ya kuanza kubishana bei.

Kisiki_Mbichi: Nimempigia. Anasema nije saa 5, ataipasha kwanza moto.

Mzee_wa_Cheni: Saa 12, au abaki nayo.