Kiwanja cha watoto Walukuba: jina tuliulize vipi?

Fundi wa Mageti
Hamjambo jamani. Mimi nachomelea mageti hapa Walukuba, Jinja. Nyuma ya safu yetu ya nyumba kuna kiwanja cha watoto. Bembea zilikuwa nne, imebaki moja. Minyororo ya zile tatu iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sote tunajua. Ile ya kuteleza imetoboka katikati. Kaptura ya kijana wangu ilichanikia pale siku ya Pasaka.

Chuma hakinisumbui, kazi nitatoa bure. Kinachonisumbua ni jina. Kibao cha zamani kilifutika, watoto wanapaita Kwa Fenesi kwa sababu ya mti. Sasa kuna tajiri mmoja ataleta rangi na saruji, ila anataka kiwanja kiitwe jina la marehemu baba yake. Mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji, uliitishwa Jumanne saa tisa mchana. Saa hiyo nani yuko nyumbani? Kina mama wako Masese, kule ziwani, wanaanika mukene, wale dagaa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, ikapita. Mimi nilikuwepo na sikunyoosha mkono upande wowote, ndiyo maana silali vizuri. Swali linaweza kurudishwa kwa watu?

Mzee wa Reli
Mwanangu, jina halikai kwa kibao. Bwawa hapo juu lilifunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, leo ni Nalubaale, lakini panda boda umwambie akupeleke Nalubaale uone kama hatakuuliza "Owen Falls, siyo?" Amin naye aliyageuza maporomoko ya Murchison yakawa Kabalega, alipoondoka, la zamani likarudi. Andikeni la huyo tajiri, watoto wataendelea na fenesi lao. Ila kwanza nendeni ofisi ya divisheni ya jiji mkaulize ardhi ni ya nani kwenye karatasi. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020, na karatasi za manispaa zisiwachanganye. Msije mkagombania jina la kiwanja ambacho si chenu.

Mama Mukene
Mzee, shikamoo, lakini sikubali. Kibao kikishasimama, kesho atasema na kiwanja ni cha baba yake. Tumeona.

Fundi, mikutano achana nayo. Sisi tulipobishana pa kuweka choo cha soko, tuliweka madumu matatu karibu na bomba la maji, kila anayekuja kuchota anatia punje moja ya mahindi. Siku mbili, asubuhi mpaka usiku. Mtu mmoja alijaribu kutia kiganja kizima, bibi mwenye funguo za bomba akamrudishia mahindi yake mbele ya watu. Na watoto watie pia, wao ndio wanaocheza.

Kijana wa Bombo
La jina nawaachia. Chini ya bembea msimwage saruji ya tajiri! Wekeni mchanga, wa kina, mguu uzame. Mkitumia matairi ya zamani, chagueni yasiyotoa waya, na myatoboe chini maji yasikae, la sivyo mtafuga mbu. Minyororo, fundi, chomelea pingu ya mwisho kabisa. Ukifunga kwa boliti wataifungua usiku.

Fundi wa Mageti
Asanteni. Madumu ninayo, bibi wa bomba amekubali. Mwenyekiti anasema "tutaona", mnamjua.

Jana usiku nikamwuliza kijana wangu angependa paitweje. Akaniangalia, akasema, "Baba, kwani mti wataukata?" Nikacheka. Baadaye nikachukua ule mchoro wa tajiri tuliogawiwa Jumanne, nikaukunjua mezani. Pale penye fenesi pamechorwa geti, na jina juu yake. Geti lenyewe, nadhani mnajua ni nani angepewa kazi ya kulichomelea.

Naenda kwa mwenyekiti sasa hivi, kabla hajala.