Tai za muto ya salmoni ku Canada: inafaa kwenda na baridi yote ile?

Kadutu243
Bandugu jambo. Yaya yangu anaishiaka ku Vancouver, mwisho wa Dezemba nitaenda kumusalimia, sasa ananiambia atanipeleka Brackendale, kando ya muto Squamish, tuangalie tai za kichwa nyeupe. Ndege napendaka sana lakini nashangaa, mu baridi kama ile ndege haziendake kwenye joto? Tena eti samaki zenye banaita salmoni zinakuwa zimekufa kwenye mawe zinaoza, na njo kitu tunaenda kuona lol. Benye muko kule muniambie, kuko kitu kweli ao tunaenda kuganda bure? Nivae nini? Na dubu je??

MamaKeshero
Enda mwanangu! Mi niko Surrey, tunaendaka na watoto. Kutoka Vancouver ni kama kilometa 65, barabara ya 99, ya kando ya bahari. Iko hivi: kuko salmoni yenye banaita chum, inapandaka kutoka bahari kuanzia Oktoba mpaka karibu mwisho wa mwaka, inataga mayai kisha inakufa, yote. Kule kaskazini mito na maziwa inakuwa imeganda, tai haiwezi kufikia samaki, basi zinashuka huku pwani kwenye maji haigande na zinakuta chakula inalala kwenye mawe, hakuna hata kuwinda. Januari 1994 banahesabu tai 3,769 pale! Usitegemee ile hesabu, miaka mingi inakuwaka chini sana, lakini ukikuta hata kumi ku muti moja utasahau baridi.

Nguo: pale inanyeshaka mvua kuliko teluji, kwa hiyo koti ya mvua, bote haipitishe maji, glavu. Muende asubui ju njo saa zinakula, nyuma yake zinakaa tu mu miti, na saa kumi na kitu jioni jua imeshalala. Dubu mingi inakuwa imelala ile kipindi.

Ndosho_Foto
Si ushuke mpaka kwenye maji karibu na samaki? Foto ya teleforme ya mbali haitatoka kitu

MamaKeshero
@Ndosho_Foto hapana, usimupoteze mwenzako. Banaangaliaka juu ya tuta ya udongo yenye inazuia maji, fasi inaitwa Eagle Run, na tai ziko ngambo ingine, kule njo kuko parki. Tai ikishakula inakaa masaa mingi bila kujitikisa ju inalinda nguvu yake mu baridi, ukiiamsha inaruka, inaunguza ile yote imekula. Wikendi kunakuwaka bavolontere na teleskopi, banakuachia uangalie. Na imbwa iwe na kamba.

Vitshumbi_Damu
Mi nimekomaa Vitshumbi, ku ziwa Edward, pale ndege marabu zinasimama nyuma ya bavuvi kungoja matumbo ya samaki, kwa hiyo ile ya kuoza haitakushangaza weye mutu wa Kivu 😂 Ile tai ya kule na furukombe yetu ni ndugu, kichwa nyeupe zote. Lakini sauti! Yetu inapiga kelele ziwa yote inasikia, ile yao kubwa vile, mabawa mita mbili, inalia kama kifaranga. Mu filme banaiwekeaka sauti ya ndege ingine.
Tena ukiona kubwa ya rangi ya udongo pekee, bila kichwa nyeupe, usiseme ni aina ingine. Ni kijana. Kichwa inakuwa nyeupe kabisa karibu miaka mitano.

Kadutu243
Aksanti sana bamama na bayaya. Kifaranga kweli?? Jumeli ya 8x42 (yenye inakuza mara nane) inatosha ao nitafute ya nguvu kuliko ile? Na kama mvua inapiga siku ile tuende tu?

MamaKeshero
8x42 iko muzuri, ya nguvu sana inatetemeka mu mikono ya baridi. Teleforme uweke mu mufuko ya ndani karibu na mwili, baridi inamaliza batri. Mvua ya kawaida muende tu. Ila kama imenyesha siku mingi muto ikajaa, muulize kwanza, ju maji inabebaka samaki zote zenye zimekufa na tai zinatawanyika kutafuta fasi ingine. Yaya yako anaweza kuangalia kimo ya maji ku intaneti mbele ya kuwasha gari.