Mashindano ya logo kwa wanafunzi wa vyuo: ni fursa, au tunachorea watu bure?

Mtoa mada, Mwanakwerekwe

Assalaam aleykum wana jamvi. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: wanafunzi wa vyuo vya Unguja na Pemba wachore logo, mshindi mmoja apewe laki tatu na cheti. Sina neno na laki tatu. Neno langu lipo kwenye sharti la 6: kazi zote zitakazopelekwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Zote, pamoja na zilizoshindwa! Wakiingia watu hamsini, mwandaaji anaondoka na logo hamsini kwa bei ya moja, na hiyo moja yenyewe kaipata kwa bei ya mnada.

Nasema kwa kuwa yalinifika. Nilipokuwa mwaka wa pili niliingia kwenye mashindano kama haya, mwandaaji simtaji. Siku nne nimekaa kwenye kompyuta ya kuazima nachora jahazi ambalo tanga lake ni herufi Z. Sikushinda, nikasema ndiyo mashindano. Baadaye nimo kwenye gari ya Bububu, naona bango la fleksi: jahazi langu, na chini yake jina la shughuli ambayo sijapata kuisikia. Nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Kamba ya demani, ile ya upande upepo unakokwenda, nilikuwa nimeifunga upande wa joshi, unakotoka upepo, kosa ambalo baharia yeyote wa Malindi angelicheka, na kosa hilo lilikuwa limening'inia barabarani, mita tatu kwa mbili.

Rai yangu: mashindano yawepo, ila mwandaaji achukue ile aliyoinunua tu. Nyengine zibaki kwa wenyewe. Mnasemaje?

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Pole kijana, lakini na sisi wateja tusikilizwe. Mimi sikushindanisha mtu. Nilimtafuta mwanafunzi, nikamlipa nusu kwanza. Akaniletea mlango wa Kizanzibari, mnazi, na jua linazama baharini. Jambiani! Jua kwetu linachomoza baharini, linazama nyuma ya migomba. Haya, nikameza. Nikapeleka kuchapa vipeperushi mia tano, ile buluu ya bahari niliyoipenda kwenye simu ikatoka zambarau. Fundi wa mashine akaniambia na picha yenyewe ni ndogo, nikitaka bango itavunjikavunjika. Ningekuwa na kazi ishirini za kuchagua ningepata hasara hii?

Mtoa mada

Bi mkubwa, kwenye jua sina utetezi. Kwenye rangi, alikosea jambo la muhula wa kwanza. Simu inachanganya mwanga wa rangi tatu, mashine inachanganya wino wa rangi nne, na zipo buluu za kwenye kioo ambazo wino huo haufiki. Ukitaka isikugeukie unaigeuza faili iwe ya rangi za wino kabla, unachapa moja, unatazama, ndipo unachapa mia tano. Na logo huchorwa kwa vekta, yaani mistari inayokokotolewa na kompyuta badala ya vitone vya picha, ambayo ukiitia kwenye muhuri au kwenye ukuta wa hoteli haivunjiki.

Lakini angalia, kazi ishirini zingekuletea milango ishirini na minazi ishirini. Ulipotaka mlango wa nyumba yako, hukuwaita mafundi ishirini kila mmoja akuchongee mlango mzima, ukachukua mmoja na kuwarudisha wengine mikono mitupu. Ulikwenda kutazama milango waliyokwisha kuichonga. Na wanafunzi watazame hivyo hivyo, kwa kazi walizokwisha kuzichora.

Mwalimu wa chuo

Mimi naunga mkono mashindano, tena darasa langu zima linaingia na natoa maksi. Mwanafunzi asiye na jina ataonyesha nini? Ile alama ya mishale mitatu inayofukuzana, ya vitu vya kutumika tena, ilitoka kwenye mashindano. Kampuni ya makaratasi ya Marekani iliyaandaa 1970, akashinda Gary Anderson, mwanafunzi wa chuo, akapata dola 2,500 za masomo. Leo alama ile iko kwenye maboksi dunia nzima. Kazi za mwisho wa mwaka kwetu zinaishia kabatini na panya.

Mtoa mada

Mwalimu wangu, kwa heshima. Dola 2,500 za mwaka 1970! Hebu nionyeshe tangazo la hapa lenye nusu yake. Na ukishalifanya somo la lazima, mwanafunzi hana tena pa kukataa lile sharti la 6. Hapo umemsainia wewe.

Mzee wa brashi, Ng'ambo

Mimi nimeandika mabao ya maduka na majina ya vyombo vya baharini kwa mkono kabla hamjazaliwa. Nakwambieni kinachopotea kwanza ni jina. Nembo ya Taifa tunaiona kila ofisi. Nani kaichora? Bara walimtaja mzee Francis Kanyasu, Ngosha, aliyefariki 2017. Kwetu anatajwa Abdallah Farhani, mwalimu wa uchoraji. Mpaka leo watu wanabishana. Wangeandika jina siku ile ile tusingekuwa na ubishi huu. Wanangu, tieni saini hata nyuma ya karatasi.

Msomaji wa sheria, Tunguu

Nyongeza kidogo. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hiyo msije mkanukuu sheria ya Bara ya 1999. Zanzibar ina yake ya 2003. Haki ni ya aliyechora tangu pale kazi inapochorwa, haingojei kusajiliwa. Ndiyo maana sharti la 6 limeandikwa: bila yake kazi ni zenu.

Mpemba wa Wete

Nyote mwazungumza pesa, majaji je? Logo moja iliyoshinda mashindano mengine niliiona ina karafuu yenye meno matano. Karafuu ina meno manne, mtoto wa Pemba anajua kabla ya kujua kusoma, kwa kuchambua makonyo usiku kucha. Nikauliza, naambiwa kijana kaitoa kwenye akili bandia. Haya, kijana kadanganywa na mashine. Na wale watu wazima watatu mezani?

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Samahanini kaka zangu na dada zangu. Mwisho ni Ijumaa, nami kazi nimeshaimaliza. Niipeleke au niiache?

Mtoa mada

Mdogo wangu, kwanza waandikie leo uwaombe sharti la 6 lisomeke "kazi itakayoshinda". Uandike wewe na wenzako kwa pamoja, mmoja watampuuza. Wakikubali, peleka picha ndogo ya JPEG yenye jina lako pembeni, faili lenyewe la vekta libaki kwako mpaka pesa ziingie. Wakikataa, usipeleke, iweke kwenye kazi zako za kuonyesha wateja.

Na kama kuna karafuu humo, hesabu meno.